Mgeni Njoo, Mwenyeji Alipe

Wanaosema elimu ya juu ni ghali katika Jamhuri ya Afueni ni wachonganishi, na serikali imekwisha kuwajibu. Jibu lenyewe limeandikwa kwenye bango kubwa kuliko zahanati, pale njia panda ya kuingilia Jimbo la Mtoni: CHUO KIKUU CHA JIMBO LAKO, ADA YA MWENYEJI, NAFUU KULIKO UNAVYODHANI. Chini yake yupo binti aliyevaa joho, anacheka meno yote thelathini na mawili. Bei haikuandikwa. Mheshimiwa Waziri wa Elimu Nafuu alipoulizwa sababu, alieleza kwa upole kwamba bei ikiandikwa mwananchi ataiona, akishaiona ataanza kuifikiria, na kufikiri ni kazi ya wataalamu.

Wataalamu nao wamefikiri vizuri sana. Fukara wa Afueni halipi kitu. Tajiri naye halipi, kwa kuwa watoto wake husoma ng'ambo, na serikali, kwa kuuenzi uzalendo wake wa kuwaachia wengine nafasi, humkatia tiketi ya ndege. Wanabaki wale wa katikati, ambao jina lao rasmi ni Wenye Nafuu. Hawa hulipa ada yao, kisha hulipa ya wale wawili wasiolipa, kisha ada ya lango la kuingilia, ada ya lango la kutokea, ada ya kivuli cha miti, na mwisho ada ya shukrani, ambayo hutolewa kwa kushukuru kwamba zile nyingine hazikuwa kubwa zaidi.

Bi Mwanahawa wa Mtaa wa Kisimani hakujua yeye ni wa kundi gani, wala hakuwahi kuulizwa. Mumewe, Bwana Kitwana, alikuwa msoma mita wa Idara ya Maji. Alizunguka na baiskeli nyumba hadi nyumba, akainama, akafuta vumbi kwenye kioo cha mita, akaandika. Mshahara ulikuja kila mwezi, isipokuwa miezi ambayo haukuja. Nyumbani walikula milo miwili wakaiita mitatu, na mtu akibisha hodi katikati ya chakula, sahani ya nne ilipatikana, haijulikani kutoka wapi.

Walikuwa na mtoto mmoja, Arafa, na mwaka huo Arafa alichaguliwa kusomea uhandisi wa maji. Siku majina yalipotoka, Kitwana alilia mbele ya watu bila haya. "Miaka ishirini na miwili nasoma mita," alisema, "na nusu ya mabomba ninayoyasoma hayana maji. Ninaandika hewa. Sasa nimempata wa kuyatia maji." Bi Mwanahawa alimfuta machozi kwa upindo wa kanga yake, kisha akajifuta na yeye.

*

Barua ya chuo ilikuja na maelezo. Kabla ada haijapangwa, Afisa Mpimaji wa Uwezo wa Kaya angefika Jumatano, saa nne asubuhi, "kuiona familia katika hali yake ya kawaida".

Aliyeyaandika maneno hayo hakulelewa Kisimani. Kisimani mgeni haonyeshwi hali ya kawaida. Mgeni huonyeshwa hali njema, na ile ya kawaida husukumwa uvunguni mpaka aondoke.

"Mwache atuone tulivyo, mama Arafa," Kitwana alimsihi mkewe. Yeye alizijua habari za ukaguzi. Kila siku aliingia katika nyumba za watu akawakuta wanaficha mabomba. "Kiti kile kimefungwa kamba, aione kamba. Kikombe kimepasuka, anywee hicho hicho."

"Mgeni wa serikali? Kwangu mimi? Kikombe kilichopasuka?" Bi Mwanahawa aliweka ufagio chini. "Mama yangu amekufa hajampa mgeni maji kwenye kikombe kilichopasuka. Na alikuwa maskini kuliko wewe."

"Ndilo tunalolitaka sasa, mke wangu. Tuonekane maskini."

"Umaskini ni wetu, baba Arafa. Aibu ni ya mtaa mzima."

Arafa alikuwa kando anachambua mchele. Alisema, taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu, "Lakini mama, si anakuja kupima? Tukimwonyesha vizuri si ataandika vizuri?"

"Mwanangu, huyo ni mtu mzima aliyesoma. Mtu aliyesoma atashindwa kujua kwamba vyombo vya mgeni ni vyombo vya mgeni?"

Hapo ndipo Bi Mwanahawa alipokosea, na tusimcheke, kwa maana alikosea kwa kuwaheshimu waliosoma.

Mtaa nao ulimwunga mkono. Jumanne adhuhuri haijafika, jirani yake Bi Somoe aliingia na vijana sita wamebeba makochi yake mekundu. Makochi hayo yalikuwa yamehudhuria harusi nyingi kuliko kadhi. Palipokuwa na posa, ndoa au matanga Kisimani, yalikwenda, yakakaliwa, yakarudi. "Aibu yako aibu yangu, shoga," alisema Bi Somoe huku akiyapangusa. "Akija kwangu, nawe utaniletea mkeka wako mzuri." Fundi cherehani wa pembeni alileta friji. Mjane wa nyumba ya tatu alileta zulia na chupa ya chai yenye maua. Vikombe vyenye ukingo wa dhahabu vilitoka nyumba nne, kila kimoja kimetiwa tone la rangi ya kucha ya mwenyewe chini ya kitako, ili baada ya shughuli kila kimoja kijue njia ya kwao.

Bi Mwanahawa alisimama katikati ya chumba chake asichokitambua. Alifurahi, maskini. Alisema kimoyomoyo kwamba hata mwanawe asipopata kitu kingine maishani, amepata mtaa.

*

Bwana Fumbwe, Afisa Mpimaji Mwandamizi, alifika saa sita kwa kuwa miadi ilikuwa saa nne. Alikuwa mnene wa heshima, na alibeba daftari ambalo lingeweza kutumika kama meza. Hakusema hodi, alitoa hotuba mlangoni.

"Kwa mamlaka niliyopewa, pamoja na yale niliyojiongezea kutokana na uzoefu, nimekuja kuyatazama maisha yenu kwa jicho la haki. Msiogope. Serikali haitaki chochote kutoka kwenu isipokuwa ukweli, na baadaye kidogo, fedha." Kisha akauliza, kama aulizavyo mtu yeyote, "Hamjambo hapa?"

"Hatujambo, baba," alijibu Bi Mwanahawa.

Bwana Fumbwe akaandika: *Wamekiri wenyewe kwamba hawajambo.*

"Habari za maisha?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Akaandika: *Maisha mazuri. Shukrani ipo.* Akapiga mstari chini ya neno shukrani, kwa kuwa lina ada yake.

Kisha akaketi juu ya kochi la Bi Somoe, akazama, akalisifu kwa mguno. Akaletewa pilau. Akaletewa kuku. Aliandika kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine, wala mikono hiyo haikusahau zamu.

"Mna kuku wangapi?"

"Tulikuwa naye mmoja," alisema Kitwana, akilitazama paja lililokuwa likielekea kinywani mwa afisa.

*Kuku: wamo, na huchinjwa.*

Alipomaliza aliinuka akakagua. Alipapasa zulia. Alihesabu vikombe. Alilifungua friji, ambalo halikuwa limechomekwa popote, akakuta ndani nguo za wateja wa fundi cherehani zimekunjwa, zina vikaratasi vya majina. Alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kama mganga mbele ya ugonjwa mpya.

"Friji mnawekea nguo," alisema hatimaye.

Arafa alishindwa kujizuia. "Bwana afisa, ukweli ni kwamba hivi vitu siyo..."

Bi Mwanahawa alimfinya mkono. Alimfinya kwa nguvu hata kucha ikaacha alama, na alama hiyo aliikumbuka siku nyingi baadaye kuliko Arafa mwenyewe.

"Siyo nini?" aliuliza Bwana Fumbwe. Akamgeukia mama. "Makochi haya, kwa mfano. Ni ya nani?"

Kitwana alimtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Lilikuwa neno moja tu, *ya jirani*, na mwanawe angesoma. Lakini yule mtu alikuwa bado ana mchuzi mdomoni. Alikuwa mgeni, yuko chini ya dari yake, amekwisha kula chumvi yake. Kumwambia mgeni kwamba umemketisha juu ya kitu cha kuazima ni sawa na kumwambia ainuke. Bi Mwanahawa alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Ulimi ulikwenda hadi kwenye meno ukarudi.

"Yetu, baba," alisema. "Na chetu ni chako. Ongeza chai."

Bwana Fumbwe akaongeza chai, na akaandika: *Wana friji la chakula ambalo hawalihitaji, kwa kuwa wameshiba. Nguo zimezidi kabati.*

*

Pilau lilimpendeza afisa. Lilimpendeza hata akaamua kurudi Kisimani kesho yake bila taarifa, ili azipime nyumba zilizobaki kwa mkupuo mmoja. Vitu vilikuwa bado havijarudishwa. Vijana sita walikuwa wamepumzika. Kwa Bi Somoe alikuta sebule tupu na alama za miguu ya makochi sakafuni. Kwa fundi cherehani alikuta waya unaoning'inia ukutani bila friji. Kwa mjane alikuta sakafu. Bwana Fumbwe alitokwa na machozi ya kikazi, akawaandika wote Fukara wa Daraja la Kwanza. Mwana wa Bi Somoe, Hatibu, aliyesoma dawati moja na Arafa, akapata chuo bure pamoja na kitanda na sabuni.

Nyumba ya Bi Mwanahawa iliandikwa peke yake: *Wenye Nafuu, Daraja la Juu.* Ada ya mwaka mmoja ilikuwa mshahara wa Kitwana wa miezi kumi na minne. Kitwana aliigeuza karatasi akatazama nyuma, labda huko kulikuwa na miezi miwili ya ziada.

Walikwenda makao makuu ya jimbo kukata rufaa, kwenye Dirisha la Manung'uniko, ambalo hufunguliwa kwa ndani. Bi Mwanahawa alikuwa ameleta kikombe kimoja ndani ya mkoba, kimefungwa kwenye kanga. Alikifungua, akakipindua, akamwonyesha karani tone jekundu kwenye kitako.

"Hii ni rangi ya Bi Somoe, mwanangu. Tunaweka alama ili visipotee. Si vyetu. Vyote si vyetu."

"Bibi," alisema karani, na alisema kwa huruma iliyofundishwa kwenye semina, "rangi ya kucha si hati. Kitu hakikai bila mwenyewe. Kama si chenu, mleteni mwenye chake, asaini hapa."

Kwa hiyo siku ya pili Bi Mwanahawa alibisha kwa Bi Somoe. Waliamkiana, wakaulizana hali, wote wakasema nzuri. Kisha Bi Mwanahawa akaliweka ombi lake, akaweka na kikombe katikati yao.

Bi Somoe alikitazama kikombe kile. Kidole chake cha shahada kilikuwa bado na rangi ile ile.

"Shoga," alisema, "nikisema makochi ni yangu, watampokonya Hatibu."

"Najua."

"Ana baba kama wa Arafa? Ana mtu wa kumlipia? Niambie, shoga, nifanye nini?" Alikuwa analia sasa, na alilia bila kujificha uso. Kisha akakisukuma kikombe, polepole, kwa ncha ya kidole. "Sikijui. Nisamehe. Sikijui kikombe hiki."

Fundi cherehani hakulijua friji. Mjane hakulijua zulia, wala hakuwahi kunywa chai ya chupa. Jioni ile Bi Mwanahawa alirudi nyumbani akiwa mtu mwenye mali nyingi kuliko wote Kisimani, akajitupa kwenye kiti kilichofungwa kamba akalia mpaka kamba ikafunguka.

"Tuviuze basi," alisema Kitwana. "Wenyewe wamevikana. Makochi yale tu yanatosha muhula mzima."

"Ni amana."

"Amana ya nani, mama Arafa? Hakuna mwenyewe!"

"Mimi namjua mwenyewe," alisema Bi Mwanahawa. "Hata kama yeye hajijui."

Wakauza vya kwao. Kwanza kiwanja walichokuwa wakisema kila mwaka kwamba mwakani watakijenga. Kisha bangili za harusi. Kisha baiskeli, na kuanzia hapo Kitwana akawa anasoma mita kwa miguu, akirudi na vumbi mpaka magotini. Makochi yalifunikwa shuka, yakasukumwa ukutani. Hakuna aliyeyakalia. Wao waliketi mkekani, na wageni, kama wangekuwapo, wangeketi mkekani pia.

Arafa akaenda chuoni. Mama yake alimfungia mizigo, na kwenye kibegi akamtilia pakiti mbili za biskuti, ili akipata mgeni asiabike.

*

Mheshimiwa Waziri alizungumza redioni mwezi uliofuata. "Nina furaha kulitangazia taifa," alisema, "kwamba Mtaa wa Kisimani, ambao mwaka jana haukuwa na fukara hata mmoja aliyesajiliwa, leo una fukara katika kila nyumba isipokuwa moja. Hayo ndiyo matunda ya sera yetu. Na nyumba hiyo moja nayo tunaifanyia kazi."

Kisimani ikapewa kombe.

Mtaa ulijifunza haraka. Watu wa Kisimani hawakuwa wajinga, walikuwa wakarimu tu. Mtu akibisha hodi, kwanza vyombo vilifichwa, kisha mlango ulifunguliwa nusu. Ukiuliza "Hamjambo?" ulijibiwa "Hatuna hali." Ukiuliza habari za maisha uliambiwa mbaya, hata na mtu aliyetoka kuoza binti yake asubuhi ile, tena aliyemwoza bila makochi, maana hakuna aliyethubutu kuazima wala kuazimisha. Matanga yalikaliwa kwa kusimama. Watoto wadogo walikua wakiamini kwamba vikombe vyote vya ulimwengu vimepasuka.

Kila Ijumaa Bi Mwanahawa alikuta sahani ya chakula imefunikwa kawa kizingitini pake. Hakuna aliyepiga hodi. Aliujua ule mkono kwa kipimo cha hiliki. Alikula, akaosha sahani, akairudisha juu ya ukuta wa uani, na wale wanawake wawili, waliokunywa chai pamoja miaka kumi na minane, walipokutana kisimani walitazama ndoo.

Mwaka wa pili Bwana Fumbwe alirudi. Safari hii Bi Mwanahawa alikuwa tayari. Hakupika. Alimpa maji kwenye kikombe kilichopasuka, akamwambia hawana hali, akafunua sufuria tupu moja baada ya nyingine. Kitwana alionyesha nyayo zake. Bwana Fumbwe alisikiliza kwa makini, kisha akaliinua shuka kwa kalamu.

"Makochi," alisema. "Yale yale, na hayajachakaa hata kidogo. Mtu hana hali, miezi kumi na sita, na hauzi makochi, hauzi friji, hauzi zulia?" Alitikisa kichwa, akahuzunika kuona raia wanavyoidanganya serikali yao. Aliandika: *Wenye Nafuu Iliyopitiliza. Wana mali, na ubahili.*

*

Ilikuwa Jumatatu, mchana kweupe, wiki ya sita ya muhula.

"Hodi!"

Bi Mwanahawa alikuwa anakunywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kwenye kikombe kizima, kimoja cha vile vya amana, kwa kuwa siku hiyo hamu ilimzidi. Aliimwaga chai mchangani, akakificha kikombe chini ya beseni, akavuta shuka juu ya makochi, akajifunga kanga iliyochanika. Mikono ilifanya yote hayo yenyewe. Alifungua mlango nusu, akainamisha kichwa.

"Hatuna hali, bwana mkubwa," alisema. "Hatuna kitu."

"Mama. Ni mimi."

Arafa alikuwa amesimama juani. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na kibegi chake, na kichwani godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba mahali pawili.

Bi Mwanahawa alilitazama godoro. Mwanafunzi anayekuja kusalimia haji na godoro. Anayekuja likizo haji na godoro. Alilitazama, na akaielewa barua yote ya ada ambayo hakuwa ameisoma, pamoja na muhuri wake.

Hakuuliza. Alilipokea godoro, akaliegemeza ukutani. Kisha akaenda kwenye makochi ya Bi Somoe, akalivuta lile shuka mpaka likaanguka chini, akalipangusa kochi kubwa kwa kiganja, mara mbili, mara tatu.

"Keti hapa."

"Mama, si ulisema..."

"Keti. Leo wewe ndiye mgeni wangu."

Arafa aliketi pembeni kabisa, magoti pamoja, kama mtu asiyetaka kuacha alama. Akafungua kibegi, akatoa pakiti moja ya biskuti kati ya zile mbili, haijafunguliwa, akaiweka kwenye sahani. Mama yake alikitoa kikombe chini ya beseni, akakisuuza, akamimina chai yote iliyobaki sufuriani, haikujaza nusu. Alimpa kwa mikono miwili. Kisha yeye akaketi mkekani, chini, mbele ya mwanawe, kwa kuwa mtu hawezi kumwamkia mgeni akiwa amesimama.

Arafa alikuwa anatazama ndani ya kikombe. "Habari za hapa, mama?" aliuliza.

Bi Mwanahawa alichungulia dirishani kwanza. Njia ilikuwa tupu. Ndipo akajibu, kwa sauti ya chini, jibu ambalo mama yake alimfundisha na mama wa mama yake alimfundisha yeye.

"Nzuri, mwanangu. Hatujambo. Na za huko utokako?"

Arafa aliinua macho, akalitazama godoro lililoegemea ukutani, akamtazama mama yake.

"Nzuri, mama," alisema.